Risiva Pekee au Risiva na Amplifaya ya Pembeni? Tathmini ya Denon AVR-X3800H na Crown XLS 1502

Nianze na hukumu, ili asiye na muda wa kusoma yote asipoteze jioni yake: risiva ya Denon AVR-X3800H ikiwa peke yake inatosha kwa sebule nyingi za huku kwetu, na amplifaya ya pembeni, kwa mfano Crown XLS 1502 niliyoiunganisha nayo, inafaa kuongezwa pale tu ambapo spika zenyewe au ukubwa wa chumba unaidai. Mwenye fedha kidogo za ziada na sebule yenye vigae na kuta tupu hataona faida kubwa kwa kununua wati. Ataiona kwa spika ya pili ya besi, zulia nene na mapazia mazito. Hukumu hii nimeifikia baada ya kuzitumia mashine hizo mbili katika sebule moja ya Dar es Salaam, nikichomoa na kuchomeka waya kiasi cha kuwachosha wenzangu wa nyumbani, na sababu zake ndizo nitakazozieleza.

Risiva ni sanduku moja lenye kazi nyingi. Hupokea picha na sauti kwa waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi, kompyuta au mashine ya michezo, hufumbua sauti ya Dolby Atmos au DTS:X (mifumo ya sauti inayomzunguka msikilizaji hadi darini), huigawa kwa kila chaneli, yaani kila njia ya sauti yenye spika yake, huirekebisha kulingana na chumba, na mwisho huikuza hadi iwe na nguvu ya kusukuma spika. Katika X3800H, iliyotoka mwaka 2022 kwa bei ya dola 1,699 huko Marekani, uchakataji unafika chaneli 11 pamoja na spika nne za besi zinazopangwa kila moja kwa nafasi yake, ilhali amplifaya zilizomo ndani ni 9. Zote tisa zinakula sahani moja: transfoma moja, ugavi mmoja wa umeme, na kasha moja lenye uzito wa kilo 12 na nusu hivi ambalo linapaswa pia kuutoa nje joto lote linalozalishwa humo.

Anayetaka kuzitenganisha kazi hizi ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua prosesa isiyo na amplifaya hata moja, kisha kununua amplifaya kando. Nitaigusa baadaye kwa ufupi, kwa kuwa bei yake inaiweka mbali na wasomaji wengi. Ya pili, ambayo ndiyo kiini cha tathmini hii, ni kuiacha risiva ifanye kazi ya akili, na kuchukua sauti kwenye matundu yaliyoandikwa PRE OUT nyuma yake hadi kwenye amplifaya ya nje itakayosukuma spika mbili za mbele. X3800H ina matundu hayo kwa chaneli zake zote. Risiva nyingi za bei ya chini hazina hata moja, na mnunuzi anayefikiri kwamba siku moja ataongeza amplifaya anapaswa kuligeuza boksi na kuitazama picha ya mgongo wa mashine kabla ya kutoa fedha.

Tuje kwenye wati, kwa kuwa ndizo zinazochapwa kwa herufi kubwa. Denon inatangaza wati 105 kwa kila chaneli, kwenye mzigo wa omu 8 (huu ni ukinzani wa spika; kadiri unavyoshuka ndivyo spika inavyodai mkondo mkubwa zaidi), kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, kwa upotofu wa sauti usiozidi asilimia 0.05, chaneli mbili zikifanya kazi. Maneno manne ya mwisho ndiyo yenye uzito. Amplifaya tano, saba au tisa zinapodai umeme kwa pamoja kutoka kwenye ugavi uleule, kila moja hupata pungufu, na kwa risiva za daraja hili si ajabu chaneli kubaki na theluthi mbili ya kilichoandikwa au hata chini ya hapo. Hata hivyo Denon imeandika masharti ya kipimo chake, jambo ambalo Marekani imelidai tangu mwaka 1974, pale tume yake ya biashara ilipotoa kanuni ya matangazo ya nguvu za amplifaya kwa sababu kila mtengenezaji alikuwa akijipimia atakavyo. Redio ya plastiki iliyobandikwa wati 10,000 za PMPO, ambazo msomaji amezoea kuziona Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, haina sharti lolote nyuma ya nambari yake, na mtu asiilinganishe na wati 105 za Denon hata kwa mzaha.

Je, wati 105 zinatosha? Jibu haliko kwenye amplifaya, liko kwenye spika. Spika ya KEF R3, ambayo ni mojawapo ya nilizotumia, hutoa desibeli 87 kwa umbali wa mita moja inapopewa volti 2.83 (sawa na wati moja kwenye omu 8), na ingawa imeandikwa omu 8, kuna masafa ambamo mzigo wake unashuka hadi omu 3.2. Spika ya Klipsch RP-8000F, ambayo ni ya kusimama sakafuni na ina pembe mbele ya twita, yaani kispika cha sauti za juu, imetangazwa kuwa na desibeli 98. Tofauti ya desibeli 11 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa hesabu ya umeme ni zaidi ya mara 12: kile ambacho KEF inakifanya kwa wati 100, Klipsch inakifanya kwa wati 8. Wapimaji wa kujitegemea huipunguzia Klipsch desibeli kadhaa, na mimi nakubaliana nao kwa nilivyosikia, lakini hata ukizipunguza bado pengo ni kubwa.

Sasa tuiweke KEF katika sebule, msikilizaji akiwa mita tatu kutoka kwenye spika. Kipimo cha sinema ambacho risiva hizi hukifuata kinataka vilele vya desibeli 105 kwa chaneli ya kawaida, na kwenye Denon iliyokwisha kupimwa kwa maikrofoni yake, kiwango hicho ndicho kinachosimama kwenye sifuri ya kidhibiti cha sauti. Kukifikia kwa spika hiyo na umbali huo kungetaka takriban wati 400 kwa vilele vya chaneli moja, na hapo Denon haifiki. Lakini ni nani anayesikiliza kwenye sifuri nyumbani, ukuta wa jirani ukiwa mita chache kando? Sisi tunatazama filamu tukiwa kwenye 20 chini ya sifuri, na tukichangamka sana 15 chini yake. Kila unaposhuka desibeli 10 hitaji la nguvu hugawanywa kwa 10; kwa hiyo kwenye 15 chini ya sifuri vilele vile vinataka wati 13 hivi, na kwenye 25 chini ya sifuri havifiki hata wati mbili. Katika hali hiyo, kuongeza amplifaya ya wati 300 ni kuongeza akiba ambayo haitaguswa kamwe.

Crown XLS 1502 ndiyo hiyo ya wati 300. Ni amplifaya ya chaneli mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbi, makanisa na wapiga muziki wa harusi, si kwa ajili ya kabati la sebuleni: wati 300 kwa kila upande kwenye omu 8 na 525 kwenye omu 4, katika kasha lisilofika kilo 4, kwa sababu ni ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto) na ugavi wake wa umeme ni wa kisasa usiohitaji transfoma nzito. Bei yake mpya nje ya nchi huwa chini ya dola 600. Nimeichagua badala ya amplifaya za kifahari za nyumbani kwa sababu inapatikana kirahisi Afrika Mashariki kupitia maduka ya vyombo vya muziki, mafundi wanaijua, na ina matundu ya RCA yanayopokea waya wa kawaida kutoka kwenye risiva, tofauti na ndugu zake wengi wa jukwaani wanaotaka XLR, plagi nene ya pini tatu, peke yake.

Ulinganisho wa amplifaya usiosawazisha kiwango cha sauti ni wa bure, kwa kuwa sikio huipenda ile inayolia juu kidogo na kuiita safi zaidi, kina zaidi, hai zaidi. Nilicheza mlio wa majaribio wa hezi 400 kwenye spika ya kushoto ikisukumwa na Denon, nikaweka ncha za multimita ya fundi kwenye skrubu nyuma ya spika, nikasoma volti. Kisha nikahamishia waya kwenye Crown na kusoma tena. Crown, hata ikiwa imewekwa kwenye mpangilio wake wa kupokea volti 1.4, inakuza zaidi ya amplifaya za ndani ya risiva, kwa hiyo nambari ilipanda. Kwenye Denon kiwango cha kila chaneli hurekebishwa kwa hatua za nusu desibeli. Nikashusha hapo kwanza, halafu nikamalizia kwa kitasa cha mbele cha Crown hadi volti zikakutana. Kitasa hicho kina vituo vinavyosikika kidoleni, jambo linalosaidia kuurudia mpangilio baada ya mtoto kupita na kukizungusha.

Katika usawa huo, kwenye sauti ya kila siku, sikuweza kuzitofautisha, si kwa KEF wala kwa Klipsch, si kwa taarabu yenye fidla nyingi wala kwa filamu. Waliokuwa wamekaa kwenye kochi bila kuambiwa ni ipi inayolia hawakuweza pia. Nakiri kwamba kuhamisha waya kunachukua muda na kumbukumbu ya sikio ni fupi, kwa hiyo tofauti ndogo sana ingeweza kupita bila kunaswa. Lakini tofauti inayohitaji masharti ya maabara ili isikike si ile inayotangazwa na wauzaji wanaposema kwamba amplifaya ya pembeni inaondoa pazia mbele ya spika.

Mambo yalibadilika nilipopandisha sauti. Kwa KEF, kwenye 8 chini ya sifuri, filamu ikiwa na milipuko na muziki mzito kwa pamoja, Denon peke yake ilianza kukaza: sauti za juu zikawa kali, upatu ukasikika kama bati, na mazungumzo ya spika ya katikati yakazama ndani ya kelele. Kifuniko cha juu cha mashine kilikuwa cha moto kiasi kwamba kiganja hakikuvumilia kukaa. Crown ilipochukua spika mbili za mbele, kipande kilekile kilipita bila kukunjana. Kilichonivutia zaidi si zile spika mbili zenyewe bali ya katikati, ambayo ilikuwa bado inasukumwa na Denon: maneno yalisimama wazi, kwa kuwa mzigo mkubwa wa mbele ulikuwa umeondolewa kwenye ugavi wa umeme na waliobaki wakapata nafasi. Kwa Klipsch, kwenye kiwango hichohicho, hapakuwa na lolote la kuokoa. Denon ilikuwa ikitembea tu.

Kwa hiyo nafasi ya amplifaya ya pembeni inaonekana wazi. Ni kwa spika zisizo na wepesi, za desibeli 87 au chini, zenye mzigo unaoshuka kuelekea omu 3 au 4, katika chumba kikubwa au kilichofunguka hadi kwenye jiko na ngazi, kwa mtu anayepandisha sauti kwelikweli na aliye na chaneli nyingi. Ukiondoa mawili kati ya hayo, haja inayeyuka. Kwa kipimo hicho hicho, tofauti kati ya wati 105 na wati 300 ni desibeli nne na nusu tu. Ni nafasi ya kupumua inayosikika kwenye vilele, wala haiufanyi mtambo ulie mara tatu zaidi.

Kuna amplifaya moja ya pembeni ambayo ningemshauri kila mtu aanze nayo, nayo haiuzwi kwa jina hilo: ni ile iliyofungwa ndani ya spika ya besi inayojisukuma yenyewe kwa umeme wake. Ukiiambia Denon kwamba spika zako ni ndogo na mpaka uwe hezi 80, kila kilicho chini ya mpaka huo kinaondolewa kwenye spika za mbele na kupelekwa huko. Ngurumo za chini ndizo zinazokula umeme mwingi na kuivuta koni kwa nguvu, na kuziondoa kunaipumzisha risiva zaidi kuliko watu wanavyodhani. Nimeona wenye spika kubwa za sakafuni wakikataa kuweka mpaka huo kwa sababu ya fahari, kisha wanalalamika kwamba risiva yao ni dhaifu.

Halafu kuna chumba, ambacho tathmini nyingi kutoka Ulaya na Marekani hazikisemi kama kilivyo kwetu. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za ndani za mbao na jasi, zinazotikisika na kunyonya sehemu ya besi. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa ni tofali za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya alumini; ukiacha dari ya jasi, hakuna kinachonyonya. Besi inagonga ukuta na kurudi ikiwa na nguvu karibu ileile, na katika chumba cha mita 6 kwa 5 mawimbi ya karibu hezi 29 na 34 hujenga vilima na mabonde: aliyekaa kwenye kochi la nyuma anangurumiwa kifuani, aliyekaa katikati hasikii kitu. Hakuna amplifaya duniani inayoliondoa bonde hilo, kwa sababu kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo mawimbi yanavyofutana kwa nguvu zaidi. Dawa ni kuihamisha spika ya besi, na bora zaidi kuwa na mbili, moja katikati ya kila ukuta unaotazamana, mpangilio ambao Todd Welti wa Harman aliupima na kuutetea tangu miaka ya mwanzo ya 2000. (Harman ndiyo pia mama wa Crown, kwa hiyo hawawezi kushutumiwa kwamba wanaogopa kuuza wati.)

Hapa X3800H inastahili sifa zake kamili, kwa kuwa inazipima spika za besi hadi nne kila moja kivyake na kuzipatanisha muda na kiwango. Programu yake ya kurekebisha chumba, Audyssey MultEQ XT32, hupima sehemu nane kwa maikrofoni inayokuja ndani ya boksi pamoja na stendi yake ya karatasi ngumu. Anayetaka zaidi anaweza kununua kando leseni ya Dirac Live, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Nilizima feni ya dari na friji, nikafunga madirisha, nikasubiri bodaboda zipite, nikapima. Besi ilitulia, na maneno ya watangazaji yakaeleweka kwenye makochi yote. Lakini mwangwi wa juu, ule unaosikika ukipiga makofi katikati ya sebule, Audyssey haiwezi kuufuta. Zulia lililotandikwa kati ya spika na kochi, na mapazia mazito juu ya vioo, ndiyo yaliyoufuta. Nikilinganisha mabadiliko yote niliyoyafanya, zulia lilisikika na kila aliyeingia, Crown ilisikika na wachache na kwenye sauti ya juu tu.

Anayeongeza amplifaya asisahau kupima upya. Baada ya Crown kuunganishwa, viwango vya Denon vilikuwa vinasema uongo, kwa kuwa vilipangwa kwa amplifaya za ndani. Audyssey ilipoendeshwa tena, ilizishusha spika za mbele yenyewe na mambo yakakaa sawa. Denon pia ina mpangilio wa kuzitenga amplifaya za ndani kwa chaneli ambazo hazitumiki, nami nauwasha: mashine inapoa, na mkondo unaotoka kwenye PRE OUT unakuwa na nafasi zaidi kabla ya kuharibika. Volti 1.4 ambazo Crown inazihitaji ili ifike nguvu yake yote hazikuisumbua risiva.

Kasoro za Crown katika maisha ya nyumbani zipo. Ina feni, na ingawa inazunguka polepole kwa sauti ya chini, usiku wa manane filamu ikinyamaza niliisikia nikiwa karibu na kabati. Kwa Klipsch, ukisogeza sikio hadi sentimita 20 kutoka kwenye twita, kuna mchirizo mwembamba ambao Denon haina. Kwenye kochi haufiki. Inawashwa kwa mkono, haiamki pamoja na risiva, na utaratibu ni kuwasha risiva kwanza na amplifaya mwisho, kuzima amplifaya kwanza na risiva mwisho, vinginevyo spika hupigwa na mshtuko. Sura yake ni ya jukwaani, na mwenye nyumba yangu ameitaka iwekwe ndani ya kabati lenye mlango. Kwa kuwa inahitaji hewa, mlango huo unabaki wazi.

Kwa upande wa umeme wetu, Crown inaishinda risiva waziwazi. Ugavi wake unakubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hezi 50 au 60, bila swichi yoyote, kwa hiyo iliyonunuliwa Marekani na iliyonunuliwa Dubai zinafanya kazi sawa Dodoma, Nairobi au Muscat. Risiva si hivyo. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120, na ndugu anayekuletea moja kutoka Houston kwa nia njema anakuletea pia hitaji la transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko vile vidogo vya kuchajia mashine ya kunyolea, pamoja na hatari ya siku ambayo mtu ataichomeka moja kwa moja ukutani. Risiva iliyokusudiwa Ulaya au Ghuba, ambako umeme ni wa volti 220 hadi 240, inatufaa bila kubadilishwa chochote. Vyovyote iwavyo, risiva iwe nyuma ya stebilaiza nzuri, na wakati wa masika ikichomolewa ukutani pamoja na waya wa antena itadumu.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kutenganisha mashine, kwa maoni yangu, haihusu sauti bali umri. Sehemu ya akili ya risiva huzeeka haraka. Dolby Atmos ilifika kwenye risiva za nyumbani mwaka 2014, na kila risiva iliyonunuliwa mwaka mmoja kabla ikawa ya zamani. Mwaka 2020 risiva za kwanza zenye HDMI 2.1 kutoka Denon, Marantz na Yamaha zilikutwa na chipu iliyoshindwa kupitisha picha ya 4K ya fremu 120 kwa sekunde kutoka kwenye mashine ya michezo ya Xbox Series X. Denon na Marantz waliwapa wateja kifaa cha nyongeza bure, Yamaha ikabadilisha bodi. Amplifaya haina habari na mambo hayo. Kazi yake ni kupokea volti moja na kutoa volti thelathini, na ile iliyofanya hivyo vizuri mwaka 1995 bado inafanya hivyo. Mtu aliye na amplifaya nzuri ya pembeni anaweza, risiva yake ikipitwa na wakati, kununua ya bei ya kati yenye PRE OUT badala ya ya bei ya juu, kwa kuwa hanunui tena nguvu.

Hoja hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiwe na hamu na prosesa zisizo na amplifaya. Marantz AV 10, iliyoingia sokoni mwaka 2023 kwa dola 7,000, ni prosesa ya chaneli 15.4 (15 za spika za kawaida na 4 za besi), na mwenzake AMP 10, iliyotoka kwa dola 7,000 nyingine, ina amplifaya 16 za wati 200 kila moja. Ni mashine nzuri, zina matundu ya XLR yanayopunguza mvumo kwenye waya mrefu, na mwenye chumba maalumu cha sinema chenye safu mbili za viti na spika sita darini anazihitaji kwelikweli. Lakini AV 10 ndiyo sehemu inayozeeka, na kulipa dola 7,000 kwa sehemu inayozeeka, ukiwa na sebule ya kawaida, ni kuinunua fahari. X3800H inayotumika kama prosesa inaifikia sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa chini ya robo ya bei.

Kwa kuwa amplifaya haizeeki upesi, ndicho kifaa pekee katika mtambo huu ambacho ningekinunua kikiwa kimetumika bila wasiwasi mwingi, na Kariakoo na Luthuli Avenue zimejaa amplifaya zilizotoka kwenye kumbi na makanisa yaliyobadilisha vyombo. Anza kwa kusoma kibandiko cha nyuma kuhusu volti. Omba iwashwe ikiwa baridi, bila muziki, na usogeze sikio kwenye twita: mchirizo mwembamba si tatizo, mvumo mzito wa hezi 50 ni tatizo. Zungusha vitasa polepole, na ukisikia mkwaruzo jua kuna vumbi ambalo fundi ataliondoa kwa dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, lakini tumia mkwaruzo huo kupunguziwa bei. Badilisha upande wa kushoto na wa kulia ili uhakikishe zote mbili zinalia kwa kiwango kimoja. Mwisho iache ipige kwa sauti ya wastani dukani hadi ipate joto, muuzaji akiwa anakutazama kwa kukosa subira, kwa sababu solda iliyochoka na feni iliyokufa hazijionyeshi katika dakika tano za kwanza.